Laptopu ya kurekodi muziki popote bila kumaliza pesa: jinsi ya kuchagua ukiwa Kisumu, Kakamega au Nakuru

Produsa wa huku kwetu hakai mahali pamoja. Leo uko Ahero na kwaya ya kanisa, wiki ijayo mzee wa orutu, ile fidla ya uzi mmoja, kule Siaya anataka umrekodi nyumbani kwake kwa sababu mgongo unamsumbua na matatu hapandi tena, alafu kuna vijana wa isukuti Shinyalu ambao ngoma zao ukizipiga kwa chumba kimoja cha Kondele majirani wote watatoka nje. Laptopu unayotafuta ni ya kubebwa kwa begi, kuwashwa mahali stima haijafika au imepotea, na kurekodi saa nzima bila sauti kukatika ata mara moja. Inapatikana kwa pesa ya kawaida, laki moja haihitajiki, lakini lazima ujue unaangalia nini, kwa sababu vitu muuzaji anakuonyesha kwanza, yani stika ya i7, skrini ya kugusa na taa kwa kibodi, muziki hauna haja navyo.

1. Anza na kazi, bei ije baadaye

Chukua daftari uandike kazi utakazofanya miezi sita ijayo. Ziko za aina mbili na kila moja inakula laptopu kivyake.

Ya kwanza ni kurekodi watu: kwaya, nyatiti, gitaa, mahubiri. Hii haitaki nguvu nyingi vile watu wanadhani. Traki moja ya maiki kwa ubora wa 24-bit na 48 kHz inaandika kama MB 8.6 kwa dakika, kwa hivyo maiki mbili zikikimbia saa nzima umetumia kama GB 1 tu, kitu ambacho ata laptopu ya zamani inaweza. Hapa unataka utulivu, betri, na feni isiyopuliza mpaka ikasikika kwa rekodi mzee akishusha sauti.

Ya pili ni kutengeneza biti kwa vyombo vya ndani ya kompyuta, piano, nyuzi, ngoma, sinthi, alafu juu ya kila traki unaweka kompresa na riverbu na vingine. Hapa ndio prosesa na RAM vinakamuliwa hadi tone la mwisho.

Wengi wetu tunafanya zote mbili. Basi chagua nguvu ya laptopu kulingana na kazi ya pili, lakini ipime kwa mahitaji ya kazi ya kwanza, maana laptopu yenye nguvu inayokwaruza sauti ukiwa mbele ya kwaya ya watu arubaini waliovaa sare na wamejipanga itakuaibisha vibaya.

2. Gawa pesa kabla hujatoka nyumbani

Tuseme umeweka 45,000 kwa jumla. Usipeleke yote kwa laptopu. Ipe kama thuluthi mbili, ile nyingine ingoje saundikadi (kisanduku cha USB cha kuchomekea maiki), maiki na hedifoni ya waya. Nasema ya waya kwa sababu Bluetooth inachelewesha sauti, ukiimba neno unajisikia baadaye, hakuna mtu anaweza kurekodi hivyo.

Kwa saundikadi uliza kitu kimoja: iko na draiva yake ya ASIO, yani programu ya kupitisha sauti kwa Windows bila kuchelewa sana, kutoka kwa kampuni iliyoitengeneza? Mfano mzuri ni Behringer, UMC22 ni ya bei ya chini na inategemea draiva ya jumla ya ASIO4ALL, lakini UMC202HD inakuja na draiva yake yenyewe na iko na maiki mbili. Ukiweza kujinyima kidogo kwa laptopu upate hiyo ya pili, fanya hivyo. Laptopu ya wastani na saundikadi yenye draiva nzuri inashinda laptopu kali inayorekodi kupitia tundu lake la maiki la pembeni.

Na kama pesa yote uliyo nayo haifiki ya laptopu ya maana, tafadhali usiende kununua zile mpya ndogo zenye Celeron, RAM ya 4GB na eMMC (diski ndogo ya polepole) ya 64GB. Zinavutia kwa sababu ni mpya na ziko na boksi, lakini Windows yenyewe inazijaza kabla hujaweka wimbo. Endelea kutumia BandLab kwa simu, ni ya bure, uweke akiba miezi mitatu minne mingine. Wimbo mzuri unaweza anza kwa simu na hakuna aibu yoyote kwa hilo.

3. Soma jina la prosesa, sio stika

Hapa ndio watu wanapoteza pesa zao sana, wacha nikae hapo kidogo.

Ukiingia kwa maduka ya laptopu za ex-UK, yani mitumba ya Uingereza, pale Oginga Odinga Street, ama Kenyatta Avenue kama uko Nakuru, utaambiwa "omera, hii ni i7, hiyo ingine ni i5 tu." Hiyo i7 peke yake haikuambii kitu. Angalia namba inayofuata. i7-6600U ni kizazi cha 6 na iko na core 2 (core ni kama mfanyakazi ndani ya prosesa). i7-7600U, kizazi cha 7, bado core 2. Lakini i5-8250U au i5-8350U ni kizazi cha 8 na ziko na core 4, kwa sababu mwaka 2017 Intel ilipotoa kizazi cha 8 cha hizi prosesa za laptopu nyembamba iliongeza core kutoka 2 hadi 4. Kwa hivyo i5 ya kizazi cha 8 itabeba traki nyingi kuliko i7 ya kizazi cha 6, na mara nyingi muuzaji anaitisha pesa zaidi kwa ile i7 dhaifu.

Sababu ya pili ya kushikilia kizazi cha 8 ni Windows. Microsoft iliacha kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha 8 kupanda juu. Kuna njia za kuilazimisha kwa mashine za zamani, fundi atakwambia ni kitu rahisi, lakini mashine ya kazi unataka ipate apdeti bila kubahatisha.

Ukipata AMD usiikimbie. Ryzen 5 za mfululizo wa 4000 kama 4650U ziko na core 6 na zinafanya kazi vizuri sana, shida ni hazipatikani kwa wingi kama Intel.

Kitu kingine: programu ya muziki inaweza kugawa traki tofauti kwa core tofauti, lakini traki moja yenye plagini kumi (zile kompresa, riverbu na vingine) zilizofuatana inabebwa na core moja. Ndio maana utaona mita ya prosesa inasema asilimia 40 na sauti tayari inakwaruza. Dawa yake iko kwa programu, unafanya friizi ile traki nzito iwe sauti tu, unaendelea. Kadi ya picha usiilipie, sauti haiitumii, na draiva za kadi kubwa za picha wakati mwingine ndizo zinakata sauti.

4. RAM na diski

8GB ni ya kuanzia, 16GB ndio ya kufanya kazi bila presha. Lakini swali muhimu zaidi ya namba ni hili: RAM inaweza kuongezwa? Laptopu nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye bodi, unayonunua nayo ndio utazeeka nayo. Ukipata yenye nafasi mbili na moja iko wazi, unanunua na 8GB leo, unalipwa kazi mbili tatu za kwaya, unaongeza 8GB nyingine baadaye. Kwa mtu wa pesa kidogo hiyo ni nguvu kubwa.

Diski iwe SSD, hakuna mjadala. Mbali na spidi, SSD haina kitu kinachozunguka ndani, kwa hivyo haipigi kelele na haiogopi matuta ya boda. 256GB inatosha kuanza kwa sababu tumeona kurekodi hakuli nafasi, kinachokula nafasi ni maktaba za sauti za piano na okestra, hizo unaweza kuziweka kwa SSD ya nje baadaye.

5. Modeli za kuulizia kwa jina

Kwa pesa ya kama elfu thelathini hivi, ukisikia bei inapanda au inashuka ni kawaida ya soko, mimi ningeuliza hizi tatu: Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, na Dell Latitude 7490. Zote zilikuwa laptopu za maofisi, zimetengenezwa zibebwe kila siku, na zote ziko na nafasi mbili za RAM aina ya DDR4. Tahadhari tu, T480 na 840 G5 ziliwahi kuuzwa pia na prosesa za kizazi cha 7, nje zinafanana kabisa, kwa hivyo jina la modeli halitoshi, lazima uione prosesa kwa macho yako.

Kwa mtu wa kutembea mimi naipenda T480 kuliko zote na sababu ni betri. Iko na mbili, moja ya ndani ya 24Wh na nyingine ya nyuma inayochomoka, na hiyo ya nyuma kuna ya 24Wh, 48Wh na 72Wh, ile kubwa inatokeza chini kama mguu mdogo. Ukiwa unarekodi na ya nyuma imeisha, unaichomoa unaweka nyingine iliyojaa na laptopu haizimi, ile ya ndani inaishikilia. Fikiria uko Shinyalu, stima hakuna tangu asubuhi, na unabadilisha betri katikati ya wimbo wa pili na wa tatu. Inachaji kwa USB-C kwa hivyo pawabenki yenye nguvu ya kutosha inaweza kuiokoa.

Lakini hapo hapo kwa USB-C ndio kuna ugonjwa wake. T480 haina tundu lingine la chaji zaidi ya zile USB-C mbili, na zile za mwanzo zilikuwa na tatizo la programu ya ndani ya Thunderbolt ambalo linaweza kuharibu tundu lile mpaka Lenovo ikatoa apdeti ya kurekebisha. Kwa hivyo chaji lazima ijaribiwe kwa matundu yote mawili, na ukifika nyumbani uhakikishe ile apdeti imewekwa.

840 G5 ni nyepesi zaidi na iko na tundu la chaja ya kawaida ya HP pamoja na USB-C, nzuri sana kwa mtu wa matatu. Latitude nayo ni ngumu, ila Dell ikikosa kutambua chaja, yani umepewa chaja ya kubahatisha, inapunguza spidi ya prosesa sana. Wimbo uliokuwa unacheza vizuri unaanza kukatika na hakuna plagini ya kulaumu. Ikiwashwa ikiandika kwamba haitambui adapta, rudisha hiyo chaja.

Na MacBook? MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020, ni mashine tamu kwa kazi hii. Haina feni kabisa kwa hivyo kwenye chumba cha kurekodi imenyamaza kimya, betri inakaa, GarageBand iko ndani bure. Ukiwa na pesa zaidi ya hizi tunazozungumzia, ifikirie, ukijua RAM yake haiongezwi milele. Lakini ile MacBook Air ya 2017 ambayo utaonyeshwa kwa bei ya kuvutia, iache. Core 2, RAM imechomelewa, na mfumo wake unaishia macOS Monterey, programu mpya zitaanza kuikataa moja baada ya nyingine. Zile Pro za 2016 hadi 2019, isipokuwa ya inchi 16 ya 2019, ziko na kibodi maarufu kwa kuharibika, herufi inakwama au inajirudia.

6. Tayarisha flashi kabla ya kwenda dukani

Hii hatua watu wengi hawaifanyi na kwangu ndio yenye thamani kuliko zote. Tafuta flashi ya 16GB au 32GB, kwa kompyuta ya rafiki au saiba weka vitu hivi:

- Reaper, programu ya kurekodi na kutengeneza muziki, ukiinstoli chagua iwekwe kwa flashi ile, inakubali kukimbia hapo hapo bila kuingia kwa laptopu ya mtu
- projekti moja ya majaribio, wimbo wako wa kweli wenye traki kama kumi, kila moja na kompresa na ekwalaiza na riverbu za Reaper yenyewe
- CrystalDiskInfo ya kupima afya ya diski na HWiNFO ya kusoma joto, zote ziko na toleo lisilohitaji kuinstoliwa

Beba pia hedifoni yako ya waya, na kama una saundikadi ibebe na draiva yake.

7. Dukani: usione haya, chukua muda wako

Mwambie muuzaji mapema. "Boss, ningetaka kuipima na wimbo wangu kabla tuongee bei, itachukua kama nusu saa." Muuzaji mzuri atakwambia karibu ukae. Akianza kukuharakisha au kusema flashi hairuhusiwi, shukuru uende duka linalofuata, ziko nyingi.

Kwanza zima laptopu kabisa, uiwashe ukibonyeza kitufe cha kuingia BIOS, mipangilio ya ndani kabla Windows haijawaka: F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikikuitisha paswodi ambayo muuzaji hana, simama hapo hapo. Hizi laptopu zilikuwa za makampuni na nyingine bado zimefungwa. Kwa Windows nako, ikiwashwa upya ikaanza kukutaka uingie na barua pepe ya kampuni fulani, hiyo pia bado ni ya wenyewe. Kwa Mac hakikisha akaunti ya mwenye zamani imetolewa.

Ikishawaka bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, Task Manager itafunguka, ingia Performance. Kwa CPU usome jina zima la prosesa na pale Cores iandike 4 au zaidi. Kwa Memory tafuta Slots used, ikiandika 1 of 2 ujue nafasi moja iko wazi inakungoja. Kwa Disk iandike SSD. Alafu CrystalDiskInfo ikuonyeshe afya ya hiyo SSD kwa asilimia.

Betri usiamini maneno. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, itatengeneza ripoti na kukuambia imeihifadhi wapi. Ndani tafuta Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya kwanza ni vile betri ilitoka kiwandani, ya pili ni vile imebaki. Kama imebaki chini ya asilimia 60, hiyo ni betri ya kubadilishwa karibuni na bei inafaa ishuke. Kwa T480 ripoti itaonyesha betri mbili, soma zote.

Sasa wimbo. Fungua Reaper kutoka kwa flashi, kwa mipangilio ya sauti chagua WASAPI ya exclusive kama hukubeba saundikadi, au ASIO kama umebeba. Weka bafa 1024 kwanza ucheze, alafu ushushe 512, 256, 128. Bafa ndio inaamua mwimbaji anajisikia baada ya muda gani: 1024 kwa 44.1 kHz ni kama milisekunde 23 kwa upande mmoja, ni kama kumsikiliza mtu aliye mita nane kutoka kwako, na mpigaji wa orutu atakwambia mara moja kuna kitu hakiko sawa. 128 ni kama milisekunde 3, hapo mtu anaimba kwa raha.

Ukifika 256 na wimbo unacheza safi, chagua traki zote uzinakili, ziwe ishirini, alafu thelathini. Sikiliza kwa hedifoni na macho yafumbe kama itakusaidia. Unatafuta mlio mdogo kama wa moto unaopasua kuni mbichi, tk, tk. Ukiusikia kwa traki kumi tu na prosesa haijafika nusu, kuna shida ya draiva ama joto.

Wacha ucheze hivyo dakika kumi na tano na HWiNFO ikiwa wazi pembeni. Mchana wa Kisumu unagusa nyuzi 30, na laptopu iliyojaa vumbi ndani itapanda mpaka karibu nyuzi 100 alafu ijishushe spidi kujiokoa. Ukiona hivyo si lazima uiache, kusafisha feni na kubadilisha pesti ya prosesa ni kazi ndogo kwa fundi, lakini ifanywe kabla ulipe. Weka sikio karibu na feni, mlio wa kukwaruza ni feni iliyochoka.

Alafu chomoa chaja wimbo ukiendelea. Hii ndio picha ya maisha yako ya kazi. Sauti ikianza kukatika mara tu chaja inapotoka, jaribu kuweka nguvu kwa Best performance, ikiendelea bado, chukua nyingine.

Malizia na vitu vya mkono: flashi kwa kila USB, hedifoni ikizungushwa kwa tundu lake bila sauti kupotea upande mmoja, bawaba za skrini, kila kitufe cha kibodi.

8. Kulipa, na zile za kutumiwa kutoka Nairobi

Bei huiongelei kabla ya majaribio, unaiongea ukiwa na ripoti ya betri mkononi. Itisha risiti iliyo na namba ya mashine, tarehe, na muda wa waranti umeandikwa, maneno ya mdomo hayakusaidii ukirudi. Badala ya kulilia punguzo la elfu moja, mara nyingi ni rahisi kuomba waongeze RAM au wabadilishe betri, muuzaji anakuwa nazo hapo na wewe unafaidika zaidi.

Ukiona nzuri mtandaoni iko Nairobi, usitume pesa yote ikiwa bado huko. Tafuta mtu wako aliye Nairobi aende na hii orodha, au duka lenye tawi huku, au makubaliano ya kulipa ukishaipima.

9. Wiki ya kwanza

Muuzaji akikuuliza akuwekee FL Studio ya kuvunjwa pamoja na plagini mia mbili za bure, mwambie asante hapana. Hizo ndio mlango wa virusi, na ata zisipokuwa na virusi zinaanguka katikati ya kazi. Reaper inakupa siku 60 ukiwa na kila kitu, na leseni ya mtu mdogo ni dola 60, haiji na vyombo vingi lakini kurekodi ni fundi. FL Studio ukiijaribu bure itakubali kuhifadhi projekti ila haitakufungulia tena mpaka ulipe, na ukinunua hakikisha kwanza toleo unalochukua linarekodi sauti ya maiki.

Instoli LatencyMon, programu ya kutafuta draiva zinazokata sauti, uiache ikimbie dakika kumi. Ikiwa nyekundu itakutajia draiva yenye makosa, mara nyingi ni ya wifi. Kwa hivyo ukirekodi weka laptopu kwa hali ya ndegeni, zima ule mpangilio wa Windows wa kuzimisha USB ili kuokoa betri, na saundikadi ichomeke moja kwa moja kwa laptopu bila habu.

Ukisikia mvumo wa mmmm kwa hedifoni ambao unapotea ukichomoa chaja, mara nyingi hakuna kitu kimeharibika, ni stima ya nyumba ile au estensheni isiyo na waya wa ardhini. Rekodi kwa betri tu. Hii peke yake ni sababu ya kutosha ya kununua betri nzuri.

Kila ukimaliza kazi, kabla hujapanda boda kurudi, nakili folda ya projekti kwa flashi na uiweke kwa mfuko tofauti na begi la laptopu. Mzee wa miaka themanini hatakupigia wimbo ule tena vile vile.

Mwisho, kabla waranti haijaisha, fanya zoezi kamili. Alika marafiki wawili, maiki mbili, chaja ibaki kwa begi, rekodi saa nzima bila kusimamisha, alafu keti usikilize yote mwanzo hadi mwisho kwa hedifoni. Ukisikia mahali inakatika na ulikuwa umezima wifi na bafa ni 256, andika dakika yenyewe, beba risiti na hiyo faili, urudi dukani kesho yake asubuhi.